Kujitayarisha kwa Mtihani wa Kiingereza

Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya waliopata kusoma shuleni na wanafunzi wa sasa, Milola

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mwalimu Mkuu, ndugu walimu, wazee wenzangu tuliopata kukalia madawati ya shule hii, na ninyi wanafunzi mlioacha mpira wenu mkaja kutusikiliza: nawasalimuni nyote.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya faida za elimu. Nimeomba ruhusa nibadili kidogo, kwa sababu faida za elimu mmekwisha kuelezwa mara nyingi, na wengine huanza kusinzia kila wakizisikia. Mimi nitazungumza juu ya jambo dogo zaidi: jinsi nilivyoanguka mtihani wa Kiingereza, na jinsi nilivyojitayarisha mara ya pili. Sipendi kijana wa hapa Milola alipie kosa ambalo mimi nimekwisha kulilipia.

Mtihani wenyewe huitwa IELTS. Ulianza kwa jina hilo mwaka 1989, na vyuo vingi vya Uingereza, Australia na kwingineko huutaka kabla ya kumpokea mwanafunzi ambaye Kiingereza si lugha ya kwao. Una sehemu nne. Kusikiliza huchukua kama nusu saa, maswali 40, na kila kipande husikika mara moja tu. Kusoma ni dakika 60, maswali mengine 40. Kuandika ni dakika 60, kazi mbili: ya kwanza maneno yasiyopungua 150, ya pili yasiyopungua 250. Mwisho ni mazungumzo ya ana kwa ana na mtahini, dakika 11 hadi 14. Alama huanzia 0 hadi 9.

Nilikuwa nimepata nafasi katika chuo kimoja cha ng'ambo, kwa sharti la kupata alama 6.5, bila sehemu yoyote kushuka chini ya 6. Ada ya mtihani ilitoka katika ufuta wa baba yangu. Alinikabidhi fedha zile zikiwa zimefungwa ndani ya leso, wala hakuniuliza mtihani wenyewe ni wa nini. Nikaenda Dar es Salaam kwa kiburi. Nilijiambia: sekondari nimesoma kwa Kiingereza, chuo nimesoma kwa Kiingereza, mtihani wa lugha utanisumbua nini? Matokeo yalipotoka, sehemu ya kuandika nilipata 5.5. Nafasi ile akapewa mwingine. Nilipompigia baba simu kumweleza, alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Sasa mwanangu, miaka yote ile ulikuwa ukisoma Kiingereza kipi?"

Ndugu zangu, hotuba yangu ya leo ni kujaribu kumjibu mzee yule.

Swali lake si geni katika nchi yetu. Mwaka 1967 Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiingereza kikabaki sekondari. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Ndugu Jackson Makwetta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari nazo zigeukie Kiswahili. Serikali haikulikubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu wawili, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu wakaona kuwa kiko chini mno kuweza kubeba masomo mengine. Tangu wakati huo mabishano hayajakwisha, nami sikuja kuyamaliza leo. Ninachosema ni kwamba mwanafunzi anayesubiri mabishano yaishe atafika kidato cha nne kabla hayajaisha.

Sasa, kosa langu lilikuwa nini? Nilikariri. Nilikuwa nimehifadhi kichwani insha moja nzuri juu ya utunzaji wa misitu, neno kwa neno. Swali likaja kuuliza kama ni vema vijana wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo. Nikaipinda insha yangu ya misitu mpaka ikavunjika. Mtahini si mtoto. Anaijua insha iliyokaririwa kama mama anavyoujua ugali usioiva. Kumbe ndivyo nilivyosoma tangu kidato cha kwanza: kunakili maelezo ya ubaoni, kuyameza, kuyatapika siku ya mtihani. Kwa miaka yote ile sikuwa nimeunda sentensi zangu mwenyewe za Kiingereza zinazotosha kujaza daftari moja.

Aliyenifungua macho alikuwa Mchina. Alikuja Dar es Salaam kufundisha lugha yake, naye alikuwa akijitayarisha kwa mtihani huu huu ili akasome zaidi. Kwao vyuoni wana mtihani wao wa Kiingereza ulioanza mwaka 1987, wenye daraja la nne na la sita, naye alikuwa ameyapita yote mawili. Lakini mbele ya Mwingereza alikuwa bubu kama mimi. Alikuwa na kitabu cha maelfu ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti. Aliniambia kwa kicheko kwamba neno la kwanza katika vitabu vya namna hiyo mara nyingi ni "abandon", maana yake kuacha kabisa, na kwamba wenzake wengi hulisoma hilo kisha wakafanya hivyo hivyo.

Tukakubaliana kukutana kila jioni, saa moja, kwa miezi minne. Katika kusahihishana tukagundua jambo lililonishangaza: makosa yetu mengi yalifanana, wakati lugha zetu hazina udugu hata kidogo.

Tazameni. Sisi husema "yeye" kwa baba na kwa mama. Wao katika kusema hutamka "ta" kwa wote wawili. Basi mimi nilimwita dada yangu "he", naye alimwita mjomba wake "she", na hakuna kati yetu aliyesikia kosa la mwenzake! Tena, mtu akikuuliza, "Hujala?" wewe hujibu, "Ndiyo, sijala." Mchina naye hujibu hivyo hivyo. Mwingereza huanza na hapana: hapana, sijala. Katika sehemu ya kusikiliza, ndiyo moja iliyokaa pasipo pake inakula alama. Hali kadhalika vile vineno "a" na "the": kwetu havipo, kwao havipo, na wote wawili tulikuwa tukivimwaga kama chumvi, penye mboga na pasipo na mboga.

Kuna mtego mwingine ulio wetu hasa. Kiswahili huweka mambo yake makubwa mwanzoni mwa neno: mtoto, watoto, anapiga, alipiga. Sikio letu limezoea kusikiliza kichwa cha neno. Mwingereza huyaweka mkiani, kwa "s" ndogo ya wingi au "ed" ya jana. Sisi tumekwisha kuacha kusikiliza, yeye ndiyo kwanza anasema. Aidha maneno yetu huishia kwa irabu, kwa hiyo konsonanti za mwisho ama tunazimeza, ama tunazitilia irabu kama tulivyofanya benki na basi. Rafiki yangu alizimeza zaidi, maana Kichina chake hakimalizi neno kwa sauti hizo, isipokuwa "n" na "ng".

Na saa! Mara ya kwanza nilisikia sauti ikisema mkutano ni saa tisa ya Kiingereza, asubuhi. Akili ilielewa sawasawa, lakini mkono ukaandika 3, kwa sababu kwetu hiyo ni saa tatu. Alama ikapotea si kwa ujinga, bali kwa mazoea ya tangu utotoni.

Basi nimekuja kuwaambia neno moja, ndugu wanafunzi. Makosa yetu hayatokani na upungufu wa akili. Yanatoka mahali panapojulikana, nayo hurudi njia ile ile kila mara. Mnyama anayepita njia moja hutegeka. Mwenye kuijua lugha yake vizuri ndiye atakayejua mtego autege wapi.

Tulifanya hivi. Kila mmoja alikuwa na daftari la makosa yake mwenyewe, si la maneno mapya. Kosa likijirudia mara tatu, linakuwa kazi ya wiki nzima. Wiki ya "he" na "she", nilisimulia kila jioni siku nzima ya baba na mama yangu shambani, na mwenzangu alipiga meza kila nilipokosea. Wiki ya mikia ya maneno, tulisikiliza habari za redio dakika tano, mara moja tu, kisha tukaandika tulichosikia na kuhesabu "s" na "ed" zilizotuponyoka. Kila siku tuliandika maneno 250 kwa dakika 40 juu ya swali jipya, saa ikiwa mezani, na ilikuwa marufuku kutumia sentensi iliyokaririwa. Tulijifunza pia kusema msimamo wetu mapema. Sisi watu wa pwani huanza kwa salamu na heshima, kama nilivyoanza leo; katika insha ya maneno 250, salamu za namna hiyo hula nusu ya karatasi.

Lililokuwa gumu kuliko yote ni mazungumzo. Tumelelewa kumjibu mkubwa kwa kifupi na macho chini. Mtahini akiuliza, "Unapenda kijiji chenu?" ukajibu, "Ndiyo, mzee," ukanyamaza, umefanya adabu lakini umejinyima alama. Yeye anataka umweleze kwa nini, tangu lini, na kwa mfano. Hilo si utovu wa adabu; ni kazi aliyokuja kuifanya.

Mara ya pili nilipata alama 7, na kuandika 6.5. Ada ya safari hiyo niliilipa mwenyewe, na safari ya ng'ambo ilichelewa mwaka mzima. Rafiki yangu naye alifaulu. Sikuwa nimepata akili mpya katika miezi minne ile. Nilikuwa nimefanya kwa siku 120 nilichopaswa kukifanya hapa shuleni kwa miaka minne.

Wengine mtasema, "Sisi hatuendi ng'ambo." Sawa. Lakini mtihani wa kidato cha nne nao, ukiacha Kiswahili na masomo machache, umeandikwa kwa Kiingereza, na mitego ni ile ile. Swali la baiolojia ukilisoma vibaya, hata jibu unalolijua halikusaidii.

Tena msitishike. Wengi wetu hapa tulianza na Kimwera nyumbani. Kiswahili tulikikuta sokoni, mpirani na darasani. Nani alikikariri? Tulikitumia, tukachekwa, tukasahihishwa, tukaendelea. Mtoto wa Milola anapoingia kidato cha kwanza amekwisha kujifunza lugha ya pili. Ya tatu ataipata kwa njia ile ile, akikubali kuchekwa kidogo.

Kwenu wanachama wenzangu nina ombi. Tumezoea kuchangia saruji na mabati, na ni jambo jema. Safari hii kila mmoja wetu achukue wanafunzi wawili, awe anapokea insha yao moja kwa mwezi, aisome, aisahihishe na kuirudisha. Mimi nimeanza na wawili wa kidato cha pili, na insha zao ninazo hapa mfukoni.

Baba hajapata kuniuliza tena lile swali. Lakini jibu ninalo: Baba, nilikuwa nikisoma Kiingereza cha watu wengine. Changu nilikianza siku nilipoanza kukosea kwa kinywa changu mwenyewe.