Washindani Waliokubali Kupimwa Pamoja: Mitandao ya Meshi na Ukingo Wetu wa Ziwa



Katika mtandao wa meshi, ruta ya shule hupokea data ya zahanati na kuipitisha kwa jirani, hadi ifike penye intaneti. Ugumu uko katika kuchagua jirani, na hapo ndipo waandishi wa programu huria walipogawanyika.

Kundi la Freifunk mjini Berlin lilitumia programu ya OLSR, inayoitaka kila ruta iwe na ramani ya mtandao mzima. Mtandao ulipopanuka, kuikokotoa ramani hiyo kukazilemea ruta za bei nafuu. Mwaka 2006 watu wa kundi hilohilo wakaanzisha B.A.T.M.A.N., isiyohitaji ramani. Kila ruta hutuma ujumbe mfupi, tena na tena. Wenzake huangalia ni jirani yupi anayewafikishia jumbe hizo bila kupotea, naye ndiye wanayemkabidhi data. Kule Paris, Juliusz Chroboczek akatunga Babel, akijali zaidi data isizunguke bila kufika.

Mwamba ngoma huvutia kwake. Mwaka 2008 watafiti wa Pretoria walipanga ruta 49 katika chumba kimoja na kuilinganisha B.A.T.M.A.N. na OLSR, B.A.T.M.A.N. ikaongoza karibu kila kipimo. Ni kazi ninayoiheshimu sana. Hata hivyo, mmoja wa waandishi wake, Elektra, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa B.A.T.M.A.N., kwa hiyo ilifaa wengine pia wapime. Aprili 2009 washindani wakakutana Paris katika mkutano wa kwanza wa Battlemesh, na wakaendelea kukutana miaka iliyofuata: programu zote zinapakiwa kwenye ruta za aina moja, zinapimwa mahali pamoja, na watunzi wake wakishuhudia.

Ushindani huo haukuzuia ushirikiano. LibreMesh inaziunganisha kazi za mahasimu: ndani ya mtaa inatumia B.A.T.M.A.N., na kati ya mtaa na mtaa inaweza kutumia Babel. Mpangilio huo naona ungetufaa: B.A.T.M.A.N. kati ya nyumba za kisiwa cha Mfangano, Babel kuvuka ziwa hadi mji wa Mbita.

Lakini naona tu, hatujapima. Mawimbi ya redio yanayopita juu ya ziwa hudunda majini, na yale yanayodunda yanaweza kuyavuruga yaliyokuja moja kwa moja. Milima ya Gwassi nayo huziba njia. Chumba cha Pretoria hakikuwa na ziwa wala mlima.

Tangu 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ina mfumo wa leseni kwa mitandao ya jamii. Njia ya kisheria ipo; kilichobaki ni vipimo. Basi naviomba Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya vishindane: Rongo wapime Muhuru Bay, Tom Mboya wapime Mbita, kwa ruta za aina moja na programu zote tatu, masika na kiangazi. Vipimo vyote vichapishwe, hata vya programu iliyoshindwa, na kila upande uzikague ruta za mwenzake.