Mizigo Mingi, Njia Moja



Nimeombwa nieleze kazi yangu kwa ufupi. Leo nitasema juu ya ATM. Msicheke, siyo ile mashine ya benki. Ni mtandao unaobeba habari katika vipande vilivyo sawa, viitwavyo seli. Kila seli ina baiti 53: 5 za kuonyesha njia na 48 za mzigo.

Sasa, ruta hupokea mizigo ya lugha mbalimbali: IP, IPX, AppleTalk. Upande wa pili utajuaje kipi ni kipi? Kanuni ya mwaka 1993, RFC 1483, iliyoandikwa upya mwaka 1999 kuwa RFC 2684, ilitoa njia mbili.

Tazameni malori yetu hapa Tunduma. Njia ya kwanza ni lori lililochanganya mizigo, na kila furushi lina hati yake. Ruta huweka lebo ya baiti 8 mbele ya kila pakiti ya IP. Hivyo chaneli moja yawatosha wote. Njia ya pili ni kutenga foleni kwa kila aina ya mzigo. Hati haitakiwi, kwa kuwa foleni yenyewe imekwisha kusema.

Ipi bora? Vijana, fanyeni hesabu. Pakiti ya baiti 40, pamoja na mkia wa lazima wa baiti 8, hujaza seli moja barabara kwa njia ya pili. Kwa njia ya kwanza zinakuwa 56, basi zatakiwa seli mbili. Lakini njia ya pili hudai chaneli nyingi.

Enzi za modemu za ADSL nilihangaika siku mbili katika ofisi moja. Taa ziliwaka, seli zilipita, wala hapakufika ujumbe hata mmoja. Nilibadili nyaya, nikabadili modemu, nikamlaumu fundi mwenzangu mbele ya watu. Kumbe yeye alitumia lebo, nami niliweka mtambo wangu usiotarajia lebo. Sikuwa nimemwuliza. Nilimwomba radhi, lakini mbele ya watu wachache kuliko waliosikia lawama. Jambo hilo lanikera hadi leo.

ATM imekwisha kuachia nafasi mitandao mingine, na Mkongo wa Taifa wafika hapa mpakani kuungana na Zambia. Hata hivyo, nawaombeni vijana: kabla ya kumlaumu mwenzako, mwulize mmekubaliana nini.