Kazi Ikiisha, Tuanzie Wapi?

(Mazungumzo kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, Voi. Tumeyaandika hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.)



Tunawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja, wengine kutoka mbali, Kasigau, Wundanyi na hata Taveta. Swali mlilotupa ni gumu. Mwasema: mtu aliyezoea kazi moja miaka mingi, kazi hiyo ikiisha, atapata wapi moyo wa kuanza nyingine? Hatutaki kuwapa maneno ya kuwatia joto hapa ukumbini, halafu joto lenyewe liishie njiani mkirudi nyumbani. Tutasema yale tunayoyaona tukitembelea vikundi.

SI MARA YA KWANZA

Hebu tuangalie hii barabara kubwa ya Mombasa na Nairobi. Kwa miaka mingi watu wengi wa Voi na Maungu walikula kwa malori. Dereva alilala hapa, akala hapa, akazibiwa tairi na fundi wa hapa. Tarehe 31 Mei 2017 reli mpya ikafunguliwa, na tangu Januari 2018 treni za mizigo zikaanza kupita. Malori hayakwisha, lakini mama aliyekuwa akipika sufuria tatu alianza kupika moja, na hiyo moja ikalala na chakula.

Sasa tuulizane, je, jambo hili ni jipya? Kabla ya reli ile ya zamani, misafara ya wapagazi ilitoka Mombasa, ikavuka nyika kavu ya Taru, ikafika Maungu na Ndara imechoka, yatafuta maji na chakula. Wazee wetu waliiuzia chakula. Miaka ya 1890 reli ya Waingereza ikajengwa, na mwaka 1898 ilikuwa imefika mto Tsavo. Misafara ikaisha, na soko lile likaisha nayo. Wazee hawakuketi kando ya njia kungoja wapagazi warudi. Walishika kazi nyingine, relini na kwenye mashamba ya makonge, wengine kwa kupenda, wengine kwa kusukumwa na kodi. Mwaka 1948 mbuga ya Tsavo ikawekwa, na waliozoea kuwinda na kulisha mifugo huko nao wakalazimika kubadili maisha.

Hatusemi haya ili mtu asilalamike. Hasara ni hasara, nayo huuma. Tunasema ili mjue kwamba kubadili kazi si laana, wala si dalili ya uvivu. Ni njia ambayo watu wa hapa wameipita zaidi ya mara moja.

HAMU HUTOKA WAPI?

Mwaka 1974, hapa hapa Kenya, yalianzishwa mafunzo yaliyoitwa DELTA. Yalifuata mawazo ya Paulo Freire, mwalimu wa Brazili, na wengi wetu tuliosomea kazi ya jamii katika Kanisa tumeyapitia. Somo lake kubwa ni hili: watu hawaamki kwa sababu wameambiwa waamke. Huamka pale wanapoguswa na jambo linalowauma au wanalolitamani sana.

Mwamkumbuka mzee Kimani Maruge? Mwaka 2004, akiwa na miaka 84, aliingia darasa la kwanza katika shule ya msingi kule Eldoret. Mzee huyo alitaka kuisoma Biblia kwa macho yake mwenyewe, na alitaka kujua kuhesabu fedha zake. Mambo mawili tu, ya wazi kabisa, yakamkalisha dawati moja na watoto.

Au Profesa Wangari Maathai. Alikuwa akifundisha mambo ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Akawasikiliza kina mama wa vijijini: kuni ziko mbali, maji yamekauka. Mwaka 1977 yeye na wenzake wakapanda miti 7 jijini Nairobi. Ilikuwa 7 tu! Tuzo ya Nobel ya Amani ilikuja mwaka 2004, baada ya miaka 27.

Basi mtu akija kwenu amevunjika moyo, msimwambie, "Jikaze." Mwulizeni, "Ni jambo gani likikosekana nyumbani kwako hulali?" Karo ya mtoto? Deni la duka? Dawa ya mzazi? Jibu lake ndilo litakalomwamsha asubuhi.

HESABU ULICHO NACHO

Mtu aliyepoteza kazi husema, "Mimi sijui kitu kingine." Twaomba msimkubalie upesi. Chukueni yule mama wa hoteli ya madereva. Ati hajui kitu? Ajua kuamka saa kumi za usiku. Ajua kununua kwa bei ya chini na kupima unga usiharibike. Ajua nani akikopa hulipa na nani hukimbia. Mama huyo aweza kununua mboga za Wundanyi akauza Voi, au kupikia mikutano na harusi. Anayebadilika ni mteja tu, ujuzi ni ule ule.

Vilevile kijana aliyechimba vito miaka mingi bila kupata jiwe la maana. Ajua kuchimba shimo lisilobomoka, na huku kwetu kwenye ukame kila boma lataka shimo la kuvuna maji ya mvua na kila shule yataka choo. Aliyekata makonge ajua nyuzi, na wanawake wa Kasigau wametuonyesha kwamba nyuzi hizo zikisukwa vikapu vizuri huuzwa hadi nchi za ng'ambo.

JARIBU KIDOGO, KISHA UONGEZE

Hapa twende pole pole. Mwenye shilingi 6,000 asizitie zote katika jambo ambalo hajalifanya. Aanze na 1,500, aandike kila shilingi inayotoka na inayoingia kwa miezi mitatu, kisha aamue. Zikipotea, amenunua somo na bado ana 4,500. Kama kazi ya zamani bado inampa kidogo, asiiache mpaka ile mpya isimame.

Tena jihadharini na wanaouza hamasa. Kati ya mwaka 2006 na 2007 Wakenya wengi walipoteza akiba zao katika michezo ya piramidi. Wengine waliingia pamoja na vikundi vyao, baada ya kuahidiwa kwamba pesa zitazaa kwa haraka. Mtu akiwaambia kwamba mtatajirika bila kueleza ni nani atanunua nini, ondokeni.

Na tuseme ukweli: bidii haileti mvua, wala haizuii ndovu kuingia shambani. Wako watakaofanya kila kitu sawasawa na bado waanguke. Huyo msimseme vibaya. Mwiteni, hesabuni naye, aanze tena.

KAZI YA KIKUNDI

Jambo la mwisho, na ndilo lililotuleta. Vikundi vingi tunavyotembelea humkopesha mwenye duka na humnyima anayeanza. Mwasema, "Huyu atalipa nini?" Twawaelewa, pesa ni za wote. Lakini tukifanya hivyo, aliyeanguka amefungiwa mlango na wale wale aliokuwa akichanga nao.

Tunapendekeza mtenge sehemu ndogo ya mfuko wenu, hata shilingi moja katika kila kumi, iwe ya wanaoanza. Mkopo uwe mdogo, wadhamini wawe wawili, na kila mwezi mtu aeleze mbele ya wenzake amefika wapi. Kule kujua kwamba ataulizwa humpa mtu nguvu kuliko hotuba.

Kisha angalieni nani ameacha kuja. Baba aliyepoteza kazi mara nyingi huona haya. Huacha mchango, halafu huacha mikutano, mwishowe hata Jumuiya haji. Msingoje. Tumeni watu wawili waende kwake, wasiende kuhubiri wala kudai mchango. Waende wakamwulize ajua kufanya nini.

Petro alikuwa mvuvi, na Mathayo alikuwa mtoza ushuru. Bwana aliwaita wakiwa kazini mwao, akawapa kazi mpya, wala hakuwatuma peke yao. Aliwatuma wawili wawili.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Katika kikundi chetu ni nani kazi yake imeisha au inaelekea kuisha?
2. Kila mmoja ataje mambo matatu anayojua kufanya, hata kama hajawahi kulipwa kwayo.
3. Tutatenga kiasi gani kwa wanaoanza, na kwa masharti gani?
4. Ni nani ameacha kuja, na ni wawili gani watakwenda kumwona wiki hii?

Mungu awabariki, na abariki kazi za mikono yenu.