Udongo Kwanza, Maji Baadaye
(Mazungumzo kwa vikundi vinavyouza miche ya maua)



Leo tuongee juu ya ule mmea wa nyumbani wenye majani makubwa, yaliyobanwa katikati kama fidla. Wataalamu wanauita Ficus lyrata. Msidhani ulitoka Ulaya. Kwao ni misitu ya joto ya Afrika Magharibi, na ni ndugu wa mkuyu na mugumo wetu.

Mche huu ukifa, pesa ya kikundi imekufa. Ukifia kwa mteja, harudi tena. Na mara nyingi hauuawi na kiu, bali na maji mengi.

Kwa nini? Mizizi nayo inapumua. Udongo wa mfinyanzi ndani ya chungu hushika maji, hewa inakosa nafasi, mizizi inaoza. Hebu chukua udongo wenye unyevu, uviringishe kama kamba. Ukipinda kuwa pete bila kukatika, huo ni mzito mno.

Changanyeni hivi: makarai mawili ya udongo mwepesi wa juu, karai moja la mchanga wa mto, na karai moja la mboji iliyooza kabisa. Samadi mbichi itaunguza mizizi. Chungu lazima kiwe na matundu chini. Kutandika mawe ndani hakuwezi kuchukua nafasi ya tundu.

Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole. Juu pakiwa pamekauka kiasi cha inchi mbili, mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha umwage yaliyobaki kwenye sahani. Kama bado pana unyevu, ngoja.

Uwekwe karibu na dirisha lenye mwanga mwingi, lakini si kwenye jua kali la mchana. Usihamishwe-hamishwe, utaangusha majani. Vumbi lipanguswe kwa kitambaa chenye maji.

Mkitaka kuuzalisha, kateni tawi lenye kifundo. Jani peke yake linaweza kutoa mizizi, lakini haliwi mti. Jihadharini na utomvu wake mweupe: unawasha ngozi na macho. Watoto na mbuzi wasitafune majani.

Basi, mteja akija, msimpe mche tu. Mpeni na maneno haya: kidole kwanza, maji baadaye. Huyo atarudi, tena na jirani yake.