Wazee Wetu na Wingi wa Dawa

(Maneno yaliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Tumepewa nafasi ya kusema machache juu ya afya ya wazee, nasi tumechagua jambo moja tu: dawa zitolewazo kwa nia njema, kisha zikadhuru.

Mzee mwenye presha, moyo dhaifu na magoti yenye kuuma huenda kwa madaktari zaidi ya mmoja. Huyu humpa vidonge vya presha, yule humpa aspirini ya kuzuia damu isigande, na mwanawe aliye mjini, kwa mapenzi, humletea diklofenaki au ibuprofeni ya magoti. Kila dawa ina kazi yake, lakini zikikutana mwilini huweza kugombana. Dawa hizo za magoti pamoja na aspirini huweza kuleta vidonda tumboni na kuvujisha damu. Pamoja na vidonge vya presha na vile vya kupunguza maji mwilini, huweza kuharibu figo. Hatari huzidi kwa mzee, kwa kuwa figo zake hazina tena nguvu za ujana.

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Huko Scotland, katika sehemu za Tayside, madaktari wa zahanati 33 walifundishwa hatari hizo, wakapewa programu ya kompyuta ya kuwaonyesha wagonjwa wa kuangaliwa upya, wakalipwa kwa kazi hiyo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2016. Katika kila wagonjwa 1000 walio rahisi kudhurika, walioandikiwa dawa kwa njia ya hatari walipungua kutoka 37 hadi 22. Na waliolazwa hospitali kwa kuvuja damu tumboni walipungua pia. Haikuvumbuliwa dawa mpya. Ziliangaliwa upya zile za zamani.

Basi nasi tusingoje mashine. Kwanza, mzee aendapo zahanati achukue dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na za dukani na za miti shamba. Pili, amwulize daktari: "Katika hizi, ipi siihitaji tena?" Tatu, asiache dawa yoyote kwa shauri lake mwenyewe, maana nyingine zikikatwa ghafula huleta madhara makubwa.

Twajua ya kuwa baadhi yetu humdharau daktari amrudishaye mzee nyumbani na vidonge vichache, tukidhani amemnyima. La, Wazee wetu. Daktari apunguzaye dawa baada ya kuzichungua amefanya kazi yake. Nanyi vijana, kabla ya kutuma dawa nyumbani, ulizeni mzee anatumia zipi.

Chama hiki huchanga fedha kwa wagonjwa na kwa misiba. Ni heri tutoe nauli ya kumpeleka mzee zahanati na mfuko wake, kuliko kutoa mchango wa matanga. Haya twayaweka mbele ya Mkutano, nasi twaomba yajadiliwe.