Tezo Itarithiwa na Nani? Hotuba Juu ya Mafundi wa Vyombo vya Majini, Rumonge

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Wakubwa wa Jumuiya wameniomba niseme maneno machache katika sherehe hii ya ukumbusho. Juu ya historia ya misikiti yetu na vyuo vyetu wenzangu wamekwisha kueleza vizuri kuliko niwezavyo mimi. Nami nimechagua kusema juu ya mafundi wa vyombo vya majini. Pengine mtu atauliza, sheikh ana nini na mbao na misumari? Jawabu langu ni fupi. Nabii Nuhu, alayhi ssalaam, aliamriwa kuunda chombo kwa mikono yake, na Nabii Zakaria alikuwa seremala. Kazi waliyoifanya Mitume haiwezi kuwa ndogo mno kutajwa mbele ya Waislamu.

Piteni ufukoni kesho asubuhi, mhesabu. Waanguaji wa ngazi utawapata, wavuvi utawapata, wachuuzi wa mafuta ya mawese utawapata kwa wingi. Lakini uliza ni nani awezaye kuweka mkuku mchangani na kuendelea mpaka chombo kiingie majini bila kuita mtu wa kumwelekeza. Katika wale ninaowajua mimi, aliye kijana kuliko wote ana wajukuu.

Yafaa tuelewe ni elimu ya namna gani waliyo nayo wazee hawa, kwa maana wengi wetu twawaona kila siku na hatujui wanalolifanya. Chombo cha mbao cha ziwa letu hakina mchoro wa karatasi. Fundi hupima kwa shibiri na kwa mkono wake, na mengine yote hufuata jicho. Mataruma huyatafuta katika tawi lililopinda lenyewe tangu mtini, kwa sababu mti uliopinda kwa maumbile yake una nguvu kuliko ule uliokatwa kwa msumeno ukapindishwa kwa nguvu. Mtu asiyejua hupita kando ya tawi lile akaona kuni.

Na kazi ya kutengeneza chombo kikuukuu ni ngumu kuliko kuunda kipya. Kipya wajua ulichokitia. Kikuukuu yakupasa uulize. Nimemwona mzee mmoja wa hapa petu akizunguka chombo kilichopandishwa pwani, akigonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa nyundo na kusikiliza. Ubao mzima hulia, uliooza hunyamaza. Rangi ilikuwa mpya, mwenye chombo akaapa kwamba mbao zote ni nzima, na mzee akaweka alama ya mkaa mahali pane. Zilipobanduliwa mbao zile, ndani zilikuwa kama mkate uliolowa.

Kisha kuna kalafati. Pamba husokotwa, ikatiwa mafuta ya mawese, ikashindiliwa baina ya mbao kwa patasi butu. Ikipungua, maji huingia. Ikizidi, husukuma mbao zikaachana, na misumari ikalegea. Basi chombo kikaharibika kwa ile dawa yenyewe. Na kipimo chake ni nini? Ni mlio wa nyundo. Sauti ikibadilika, fundi huacha. Sauti hiyo haiandikwi kitabuni, ndugu zangu, wala haiwezi kuelezwa kwa maneno kama ninavyojaribu kueleza sasa. Husikiwa na mtu aliyeketi karibu, miaka, mpaka sikio lake likazoea.

Nataja haya kwa sababu matokeo yake yamekwisha kuonekana. Siku hizi naona vipande vya bati na vya plastiki vikipigiliwa juu ya mbao zilizooza, kisha vikapakwa lami, na chombo kikapakia watu na mizigo. Ziwa hili lina kina cha zaidi ya mita 1,400. Ni la pili duniani kwa kina. Upepo wa kusini wa kiangazi hauulizi kama bati limepigiliwa kwa misumari mizuri. Anayesafiri katika chombo hicho ni mwanao au mke wako.

Sasa niwapeleke mbali kidogo, ingawa bado tu katika ziwa letu. Wazee wengi hapa wameiona meli iitwayo Liemba. Iliundwa Ujerumani, katika mji wa Papenburg, mwaka 1913, kwa jina la Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari, na kutoka huko ikapelekwa Kigoma ikaungwa upya. Iliingia majini mwezi wa Februari 1915. Mafundi watatu waliokuja nayo kutoka Papenburg wanajulikana: Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt. Mafundi na vibarua wa Kihindi na wa Kiafrika walioshika nyundo pamoja nao, majina yao sijayaona kitabuni hata kimoja, na hilo nalo ni jambo la kufikiriwa.

Vita vilipowaelemea Wajerumani mwezi wa Julai 1916, waliamriwa kuizamisha meli ile isitekwe. Mafundi wakaizamisha, lakini kabla ya hapo waliipaka mitambo yake girisi nzito. Walikuwa wakiharibu kwa amri na kuhifadhi kwa ufundi. Wabelgiji waliiinua, ikazama tena. Waingereza wakaiinua mwaka 1924, wakaisafisha, na mitambo ile ikaonekana yafaa. Na mwezi wa Mei 1927 ikaanza safari kwa jina la Liemba. Katika miaka ya 1970 mitambo ya mvuke iliondolewa ikatiwa ya dizeli. Mwaka 2015, ndugu zetu wengi walipokimbia nchi hii wakakwama katika kijiji cha Kagunga, ni Liemba, chombo chenye umri wa miaka mia, kilichowachukua mpaka Kigoma. Na mwaka 2023 serikali ya Tanzania ilitia sahihi mkataba wa kuikarabati tena.

Waliokuja kuifufua meli ile hawakuwa ndio walioipaka girisi. Waliachiwa kitu, nacho kikawangoja. Chuma kiliweza kungoja miaka minane chini ya maji. Je, wazee wetu wa ufukoni watangoja miaka minane?

Husemwa kwamba vijana wa leo ni wavivu, hawataki kazi ya jua. Mimi sikubali. Nendeni Buyenzi, kule Bujumbura, mtaa wa Waswahili wenzetu, mkatazame gereji zake. Mtaona vijana wamelala chini ya magari makuukuu, mafuta machafu yakiwadondokea usoni, wakiitia uhai mashine ambayo nchi nyingine ingekwisha kutupwa. Baadhi yao ni watoto wa Rumonge. Mtoto aliyekwenda umbali wa kilomita 70 na zaidi kulala chini ya gari si mvivu. Basi kwa nini hakubaki hapa akashika tezo?

Sababu ya kwanza ni ya kusikitisha, na sitaipita kimya. Mwaka 1972 damu ilimwagika Rumonge na Nyanza-Lac, na mwaka 1993 nchi ikaungua tena. Watu wakavuka ziwa kwenda Kigoma, Ujiji na Uvira. Fundi alikimbia na tezo lake ndani ya mkeka, na mwanafunzi wake akakimbilia upande mwingine. Waliporudi wale wa 1972, wengi wao tangu mwaka 2008, walirudi wazee, na wana wao wamejifunza kulima. Mnyororo uliokatika mara mbili hauungiki wenyewe.

Lakini sababu nyingine ni zetu, na hizo twaweza kuziondoa. Mafundi wetu, nawaheshimu na baadhi yao wapo mbele yangu hapa, wana tabia ya kuficha. Mwanafunzi huchota maji, hubeba mbao, hunyoosha misumari iliyopinda. Ikifika saa ya kupima pindo la ubao, hutumwa dukani kununua sukari. Akirudi ubao umekwisha kukatwa. Mzee huogopa kwamba kijana akijua yote atamnyang'anya riziki. Hofu hiyo si ya upuuzi, maana yametokea.

Wazazi nao humtoa mtoto mwezi wa tatu wakisema haleti kitu nyumbani. Mwezi wa tatu! Mtoto huyo huyo walimwacha chuoni miaka minne asome Kurani na hawakudai senti. Na wenye vyombo hulipa kazi ya siku mbili wakitaka matengenezo ya siku kumi, kisha hulalamika kwamba hakuna mafundi hodari.

Wako wanaosema kwamba yote haya ni bure, kwani vyombo vya mbao vitakwisha na vingine vitakuja. Huenda. Lakini tazameni Lamu, katika pwani ya Kenya. Mwaka 2018 mafundi wa majahazi wakiongozwa na Fundi Ali Skanda waliingiza majini jahazi lililoundwa kwa takataka za plastiki, urefu wake kama mita 9, likavikwa kandambili kuukuu zipatazo 30,000; mwaka 2019 likasafiri mpaka Unguja. Plastiki ile haikuundwa na watu wapya. Iliundwa na watu waliorithi kazi ya mbao kwa baba zao. Bila wao plastiki ingebaki takataka.

Basi nina shauri moja kwa Jumuiya, nalo nimelizungumza na wazee kadhaa kabla ya leo. Kuwe na mapatano ya maandishi baina ya watu watatu: fundi, mzazi, na mwenye chombo. Muda uwe miaka mitatu. Mwenye chombo atoe sehemu ya malipo ya kila matengenezo kwa chakula cha mwanafunzi, ili mzazi asipate sababu ya kumtoa. Fundi aahidi kwamba katika mwaka wa pili mwanafunzi atashika patasi ya kalafati yeye mwenyewe, na katika mwaka wa tatu ataweka mkuku. Mwanafunzi aahidi kwamba akihitimu hatafungua kazi katika ufuko ule ule kwa mwaka mmoja ila kwa idhini ya mwalimu wake. Sharti hili wengine wameliona zito. Mimi naliona la haki, kwa kuwa mzee asipopewa amani ya riziki yake hatafumbua mkono. Na siku ya kuhitimu, Jumuiya impe kijana tezo, randa, keekee, msumeno na patasi mbili kutoka katika sanduku letu.

Wakati wa kufundisha tumekwisha kupewa. Ndagala huvuliwa kwa taa katika usiku wa giza. Mbalamwezi ikikamilika samaki hawaifuati taa, wavuvi hupumzika na vyombo hupandishwa pwani. Ni zile siku nyeupe za tarehe 13, 14 na 15 za mwezi wetu, ambazo wengi wetu hufunga sunna. Basi mwanafunzi anayesoma shule na aombewe ruhusa ya jioni za siku hizo, wala asiache masomo. Mimi mwenyewe nilisoma chuo na shule ya msingi tu, na sitamshauri mtoto wa mtu aishie hapo.

Akina mama wanaoanika ndagala wameniambia kwamba vikundi vyao vya akiba viko tayari kununua seti ya kwanza ya vyombo vya kazi. Wanaume, mmesikia.

Wazee watatu wamekubali kuchukua mwanafunzi mmoja mmoja. Majina yao yako kwa Katibu, na daftari liko wazi mezani pake tangu sasa mpaka sala ya Isha. Mzazi aje na kijana mwenyewe, asimletee jina tu. Tutaanza tarehe 13 ya mwezi ujao, baada ya Alasiri, penye chombo kile cha buluu kilichopinduliwa karibu na soko la samaki. Mwenyewe ametoa ruhusa kibanduliwe chote.

Wabillahi ttawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.