Lenzi Ndefu kwa Nyoka

Nilipokuwa mwanafunzi hapa nilimpiga picha kifutu kwa lenzi ya milimita 50. Ili aijaze picha, nilimsogelea nusu mita. Alichomoka ghafla akauma stendi ya kamera, sentimita chache kutoka mkononi mwangu. Sumu yake huozesha nyama.

Vijana, msikimbilie kamera ya fahari; wekeni akiba ya lenzi. Ya milimita 200 hutoa picha ya ukubwa ule ule ukiwa mita 2. Isipoona vizuri vitu vya karibu, iongezeeni pete ya kurefushia. Kinyonga hana sumu: milimita 100 zamtosha, mradi jicho lake lionekane wazi.

Picha ikikukosa leo, kesho ipo.